Mwanamke Aliyefua Soksi

Sehemu ya Kumi na Moja

"Soksi haikuanikwa!"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, Mvuke kashika kitabu mkono mmoja na pasi ya moto mkono wa pili, mimi nikaenda zangu kulala. Nasikia wapo walionilaani. Haya, kaeni vizuri, tuendelee.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nakupa mbili tatu upesi, wenzako wasinune. Tuko kiwanda cha sare za shule, chumba cha kumalizia. Mashati hutoka kwenye vyerehani hayana vifungo, yananing'inia nyuzi kama ndevu za mbuzi. Wanawake tisa kwenye meza moja ndefu huyashonea vifungo kwa mkono, hukata nyuzi, kisha Mvuke, mpiga pasi, huyapokea, huyanyoosha na kubandika namba ya aliyeshona.

Mmoja wa hao tisa hashoni. Anaitwa Redio. Mwaka jana, alipokuwa bado ukumbi wa vyerehani, sindano ya mashine ilimpitia vidole viwili vya mkono wa kulia, na tangu siku hiyo vidole vile vimegoma kukunjika. Sindano haishikiki. Wenzake wakapatana bila kuandikishana: wao watamshonea vifungo vyake, kila mmoja mashati mawili matatu, na yeye atawasomea riwaya kazi ikiendelea. Msimamizi hajui. Siku atakayojua, Redio atatoka getini na kimto chake cha sindano kwapani, na hakuna kiwanda kinachoajiri mshonaji wa vidole vitatu.

Umeelewa? Vizuri. Sasa niseme yaliyo moyoni kuhusu riwaya yenyewe.

Inanitia kinyaa. Sijui neno la adabu zaidi. Shujaa wake ni mwanasheria, tena mwanasheria hodari. Mahakamani anamhoji shahidi mpaka shahidi anasahau jina la mamake. Lakini mpenzi wake, huyo wanayemwita Rubani, anapotea miezi minne bila barua wala salamu, anarudi na sanduku la nguo chafu, na swali pekee ambalo mwanamke huyu msomi anapata la kumuuliza ni moja. "Umekula?"

Kila sura, "Umekula?" Amesahau siku ya harusi, "Umekula?" Ameonekana na mwanamke mwingine hotelini, "Umekula?" Akina mama wa chumba cha kumalizia walikwisha kumbandika jina tangu sura ya tatu. Bibi Machozi. Na mimi naona wamemwonea huruma, maana ningempa jina ambalo mhariri asingelichapa.

Basi turudi kwenye pasi.

"Nimesoma mara mbili," Mvuke alisema. "Ulitusomea kwamba Bibi Machozi alifungua sanduku la Rubani akakuta soksi ya mtoto mchanga. Hiyo ipo. Ukatusomea kwamba aliichukua akaianika peke yake kwenye kamba, upande wa barabarani, akafunga mlango kwa ndani. Hiyo haipo!"

Redio alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Asubuhi ile chai ilimwagikia kitabu, Mvuke akajitolea kukikausha, ukurasa mmoja mmoja, kitambaa juu na pasi juu ya kitambaa. Wema wa watu. Nani alijua kwamba mpiga pasi husoma anachokinyoosha?

"Labda umeruka ukurasa," Redio alisema.

"Mimi? Mimi siruki hata ncha ya kola."

Kuna aliyecheka, akajikuta peke yake, akaacha.

Mama Mikasi ndiye mkubwa wao kwa umri. Mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi huning'inia shingoni kwa utepe, na hana haja ya kupaza sauti. Aliuweka mkasi mezani.

"Redio, mwanangu. Haipo?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Redio ilikuwa imekwenda wiki tatu nzima, ikakomea kwenye meza ya pasi.

"Haipo, mama."

"Tangu wapi?"

"Tangu sura ya tisa."

"Na jana tulikuwa sura ya kumi na tano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sura hizo zote..."

"Nimezitunga mwenyewe. Nilikuwa nafungua kurasa tu."

Kwa nje mashine za ukumbi mkubwa ziliendelea kuunguruma. Ndani hakuna sindano iliyopita kwenye kitambaa.

"Hata pale Rubani alipopiga magoti?" aliuliza Kikohozi. Huyu hukaa karibu na mlango, na kazi yake, mbali na vifungo, ni kukohoa Msimamizi anapokuja. Mapafu yake ni mazima kabisa.

"Hata pale."

"Nililia pale!" Kikohozi akapiga meza. "Nililia mpaka nikajichoma sindano! Mtu mzima kama mimi!"

"Kwa nini, Redio?" Mama Mikasi aliuliza.

"Niliona kinyaa, mama. Mtu akisoma kwa sauti, macho hutangulia mdomo. Niliona kinachokuja. Ulimi ukakataa."

"Kwani ulimi wako ndio ulioandika kitabu?"

Redio alivuta kimto chake cha sindano karibu.

"Sikiliza," Mama Mikasi akasema. "Tunakushonea vifungo ili utusomee. Kama hatukusomewa, basi tulishona nini wiki tatu hizi? Tusomee sasa. Yaliyomo. Tusikie wenyewe kama kinyaa chako kilikuwa cha haki."

"Na mimi ndiye ninayepokea mashati yako," Mvuke aliongeza, sauti kavu. "Kila siku nabandika namba yako kwenye mashati ambayo hukuyagusa. Naweza kuacha leo hii."

Kitabu kilisukumwa juu ya meza, kikapita mikono minane, kikamfikia Redio. Kilikuwa bado na joto la pasi. Alitafuta sura ya tisa, akasafisha koo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akasoma kilichoandikwa.

"'Aliitoa soksi ile ndogo nyeupe, akaitazama. Chozi moja likamdondoka. Kisha akaitia katika beseni pamoja na mashati ya mpenzi wake, akaifua kwa upole, kwa maana mtoto hana kosa. Ilipokauka aliikunja vizuri, akairudisha sandukuni mahali pake, ili mpenzi wake asipate kujua kwamba imeonekana.'"

Vichwa vilisogea karibu na kitabu.

"Aliifua?" mmoja aliuliza.

"Aliifua."

"Akaikunja?"

"Akaikunja."

"Lakini huyu si mwanasheria?" Kikohozi aliuliza, akiwatazama wenzake kama mtu anayetafuta shahidi. "Si ana shahada? Si ana joho?"

"Dada yangu ni wa hivyohivyo," alisema mwanamke wa upindo, yule anayerudishia pindo zilizofumuka. "Ila dada yangu hana shahada, kwa hiyo nyumbani tulikuwa tunasingizia kukosa shule."

"Endelea," Mama Mikasi akaamuru.

"'Rubani alipoamka alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Nisamehe, mpenzi, mwanamke alisema. Nikusamehe nini? Rubani akauliza. Mwanamke akainamisha uso. Nisamehe kwa kuwa nilikaribia kukushuku.'"

"Nini?"

"'Nilikaribia kukushuku.'"

Mama Mikasi alikuwa na kipande cha uzi mdomoni. Akakitema sakafuni. Ndugu msomaji, mwanamke huyu amefanya kazi chumba kile miaka kumi na minane na hajawahi kutema kitu sakafuni.

"Bado," Redio akasema. Sasa alikuwa amepata kasi, na niseme ukweli, alikuwa na raha ya mtu anayefunua chungu ili wote wanuse. "Sura ya kumi na mbili, mama wa yule mtoto anakwenda mahakamani. Anataka Rubani amtambue mtoto wake. Mnajua nani anamtetea Rubani?"

"Usiseme."

"Bibi Machozi mwenyewe. Anavaa joho, anasimama, anamhoji yule mama mpaka analia mbele ya watu."

"Na soksi je? Si alisema mtoto hana kosa?"

"Alisema. Na kesi anashinda. Mtoto anakosa hata jina la baba. Halafu Bibi Machozi anakimbia kwenye gari, Rubani yumo ndani anamsubiri. Mnataka kujua anamuuliza nini?"

"Umekula!" waliitikia wote kwa pamoja, na chumba kikalipuka.

"Funga!" Mama Mikasi alipiga kelele. "Funga hicho kitabu, nisije nikatapika juu ya sare za watoto wa watu!"

Hapo mimi nasimama naye. Mwanamke mjinga namwonea huruma, sote tuna siku zetu. Lakini mwenye akili, anayeichukua akili yake yote akamkabidhi mwanamume anayemkanyaga, tena akaitumia kumkanyagia mwenziwe aliye na mtoto mgongoni, huyo ananichefua. Na mwandishi aliyeandika mambo hayo akayaita mapenzi ananichefua zaidi. La kuvunda halina ubani.

Chumba kizima kilikuwa na maoni yangu.

"Mimi namtaka yule wa Redio," Kikohozi alisema.

"Hata mimi. Huyu wa kitabu akachomwe."

"Redio, wewe endelea kudanganya, mwaya. Vifungo vyako tutashona."

Hata Mama Mikasi alikuwa ameanza kuokota mkasi wake, na mwenye mkasi akishaokota mkasi maana yake kesi imekwisha. Redio akavuta pumzi. Mdomo wake ulianza kutafuta njia ya kucheka.

"Mmemaliza?"

Alikuwa Mvuke. Wote walikuwa wamecheka isipokuwa yeye.

Mvuke ana tabia moja. Kabla ya kuanza shati, hulamba ncha ya kidole akaigusisha chini ya pasi, haraka, asikie kama inalia. Hufanya hivyo pia akiwa na neno zito. Alifanya hivyo sasa. Pasi ikalia.

"Wiki tatu zilizopita mume wangu alirudi kutoka kwenye kazi zake za visima. Miezi miwili hayupo. Nikafungua begi lake nifue nguo. Nikakuta kitana."

Kikohozi aliweka shati chini.

"Kitana cha kike. Na nywele ndani yake, za rangi ya kupaka. Mimi sijapaka nywele rangi tangu nizaliwe, mnaniona. Ilikuwa siku ileile Redio aliyotusomea soksi. Mwanamume katoka kwenda kusalimia marafiki. Nikakichukua kile kitana, nikakifunga kwa uzi kwenye kitasa, upande wa nje, begi lake nikaliacha hapo chini. Nikafunga mlango kwa ndani. Kama alivyofanya mwanasheria."

"Shoga!" Kikohozi akanong'ona. "Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Nilikuwa nangoja siku ya tatu."

Hapo Redio alifumba macho. Kwa wageni: katika hadithi ya Redio, Rubani alirudi siku ya tatu, akapiga magoti mbele ya kamba ya nguo, akakiri yote. Redio aliitunga siku ile ya tatu akiwa anakunywa maji. Angeweza kusema ya nne.

"Siku ya tatu nilipika," Mvuke aliendelea. "Nikavaa gauni. Nikakaa. Hakuja. Siku ya tano alikuja mama mkwe kuniuliza kama nina wazimu. Wiki ya pili mwanangu mdogo akaacha kuuliza baba yuko wapi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mama mkwe."

"Mvuke, mimi sikujua..."

"Sijamaliza. Unajua kila asubuhi nilikuwa najiambia nini? Kwamba kuna mwanamke mahali fulani amekwisha kulifanya hili, mpaka likaandikwa kitabuni. Amenitangulia. Nilikuwa naweka mguu wangu penye alama ya mguu wake. Leo nakausha kurasa, naona hakuna alama yoyote. Hapakuwa na mtu mbele yangu. Ni wewe tu, na kinyaa chako."

Redio alitaka kusema kitu kikubwa. Alikuwa na maneno ya kumjaza mwanasheria wa karatasi sura sita nzima. Kwa mwanamke huyu aliyesimama mbele yake na pasi hakuwa na hata nusu. Aliona haya, kisha akaona zaidi ya haya. Kwa wiki tatu alikuwa amemdharau Bibi Machozi kwa kutowaza mtu mwingine ila mwanamume wake, kumbe yeye naye hakuwaza mtu mwingine ila mwanamke wake wa kutunga. Kinyaa kilimgeukia mwenyewe, na hicho hakitemeki.

"Khu! Khu-khu!"

Kikohozi. Kitabu kikazama chini ya rundo la mashati. Redio akanyakua shati na kuinamia kifungo ambacho mwenzake alikwisha kukishona. Mlango ukafunguka.

Msimamizi ni mwanamume wa kalamu mbili mfukoni. Hapigi kelele. Husimama, hutazama, na kila mtu huanza kukumbuka makosa yake.

"Mvuke. Una mgeni getini. Anasema ni mumeo. Ana begi."

Mvuke hakutikisika.

"Dakika tano," Msimamizi alisema. "Na sitaki maonyesho kwenye kiwanda changu." Akatoka, viatu vyake vikasikika vikielekea ukumbi wa vyerehani.

Wanawake wote walimtazama Mvuke. Mvuke alizima pasi, akafungua aproni, akaikunja. Alizunguka meza nzima mpaka akafika mbele ya Redio.

"Mwanamke wako husema nini?"

"Nani?"

"Usinichoshe. Si yule wa kitabu. Wako wewe. Mwanamume akirudi na begi lake, yeye husema nini?"

"Mvuke, mimi nilitunga tu. Usi..."

"Nimekwisha kufunga mlango kwa maneno yako. Nipe na ya kufungulia, au ya kufungia kabisa. Husema nini?"

Redio aliweka shati mezani.

"Humuuliza, 'Ulikuwa wapi?'"

"Halafu?"

"Halafu hunyamaza. Hamsaidii kujibu."

"Basi?"

"Basi."

"'Ulikuwa wapi?' Halafu nanyamaza." Mvuke alitikisa kichwa kama mtu anayekariri namba ya simu. "Nitasema hivyo. Yakifaa, mashati yako nitayapokea mpaka uote mvi. Yasipofaa, kesho jitafutie mwingine wa kukupokelea. Na kuanzia leo, mezani pangu sitaki uongo tena. Hata wa kunifurahisha."

Akaenda.

Sasa niambie, msomaji, wewe ungebaki unashona? Viti vilianguka. Wanawake wote tisa walijazana kwenye madirisha mawili yanayotazama geti, Mama Mikasi mbele kwa haki ya umri, Redio akisukumwa katikati. Kikohozi naye aliacha mlango wake. Likumbukeni hilo.

Mume alikuwa amesimama upande wa ndani wa geti, amenyoa vizuri, shati safi. Shati safi! Limefuliwa wapi, na nani, hilo kila mwanamke dirishani alijiuliza. Begi lilikuwa miguuni pake, limevimba. Na usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyechelewa chakula lakini anajua sahani yake imefunikwa. Mlinzi wa geti alikuwa anasikiliza mpira kwenye simu. Akaizima.

Mvuke alisimama hatua tatu mbele ya mumewe.

Dirishani, midomo ya Redio ilikuwa inacheza bila sauti. Ulikuwa wapi. Ulikuwa wapi. Sema, dada. Maneno mawili tu.

Mvuke alifungua mdomo.

"Umekula?"

Ndugu zangu!

Mwanamke wa upindo alijipiga paji la uso. Mwingine alisema neno ambalo silirudii hapa. Mama Mikasi aligeuka, akalipa dirisha mgongo.

"Bibi Machozi huyo," alisema. "Mzima mzima. Tulimcheka karatasini, kumbe anatupigia pasi."

Redio aliachia fremu ya dirisha. Kinyaa kilimrudia, na mara hii hakikuwa cha mtu wa kitabuni. Mtu wa kitabuni unamfunga ukamrusha chini ya mashati. Huyu alikula naye, alicheka naye, alimbandikia namba yake kila siku. Akawaza kimto chake cha sindano, na mfuko wa kukitilia. Yasipofaa, kesho jitafutie mwingine. Hata hayakusemwa, achilia mbali kufaa.

"Bado," mume alijibu kule getini, sauti ya furaha. Alikuwa anainama kulishika begi. "Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nilijua tu utaniuliza."

"Mimi nimekula," Mvuke akasema.

Mume akabaki ameinama, mkono kwenye mpini wa begi.

"Na watoto wamekula," Mvuke akasema.

Mama Mikasi aligeuka tena dirishani kwa kasi iliyomng'oa Kikohozi mahali pake.

"Kwa hiyo?" mume aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado lipo lakini halikujua likae wapi.

"Kwa hiyo nina mashati ya kupiga pasi."

Akageuka. Hakukimbia, hakulia, hakutazama nyuma. Alikuja moja kwa moja kuelekea chumba cha kumalizia, mwendo wa mtu anayerudi kazini kabla dakika tano hazijaisha. Mlinzi, bila kuambiwa na mtu, akafungua geti na kulishikilia wazi, akimtazama mwenye begi.

Maneno yale hayakuwa ya kitabu. Hayakuwa ya Redio pia. Dirishani walikuwa wanakumbatiana, wanarukaruka, Kikohozi analia tena, na safari hii machozi yake yalikuwa na haki. Redio alicheka mpaka akashika mbavu. Hata mimi nilisimama kitini, na mimi ndiye ninayeandika.

"Sindano hii ni ya nani?"

Furaha ilikatika.

Msimamizi alikuwa amesimama mezani. Alipita ukumbi wa vyerehani, akasikia vicheko kutoka chumba cha kumalizia, akaja kuangalia. Na hapakuwa na mtu mlangoni wa kukohoa.

Mbele yake vilikuwa vimto vya sindano, kila kimoja mbele ya kiti kitupu. Alikuwa amechomoa sindano moja, ameiinua kwenye mwanga.

"Nimeuliza. Ya nani?"

"Yangu," Redio alisema.

"Ina kutu."

Akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba.

"Sindano inayoshona haishiki kutu," Msimamizi alisema polepole. "Jana yalitoka humu mashati ishirini yenye namba yako. Uliyashona kwa nini? Kwa meno?"

Akainua rundo la mashati lililokuwa mbele ya kiti cha Redio. Kitabu kikaanguka sakafuni, kikafunguka, kurasa zake zimenyooka vizuri kwa pasi. Msimamizi alikitazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga njiani.

"Bwana Msimamizi," Mama Mikasi alianza, "huyu mtoto..."

"Wewe nyamaza, mama, nakuheshimu. Ninyi wote nyamazeni, nawajua. Mkiulizwa kama jua limechwa mtatazamana kwanza."

Mlango ukafunguka. Mvuke akaingia, macho yamemkauka, aproni iliyokunjwa bado mkononi. Aliona sindano. Aliona kitabu sakafuni. Aliwaona wenzake wamejipanga ukutani, na Redio katikati yao, mkono wa kulia ameuficha nyuma.

"Afadhali umekuja," Msimamizi alisema. "Wewe ndiye unayepokea mashati yake. Miaka yote hii hujanidanganya hata siku moja, na sitaki uanze leo. Nijibu neno moja tu. Huyu anashona, au hashoni?"

Redio alimtazama Mvuke. Mvuke alimtazama Redio kwa muda mrefu, kama anayesoma ukurasa anaotaka kuwa na hakika nao.

Kisha akavaa aproni, akaifunga nyuma, akaenda mezani pake akawasha pasi. Alingoja. Alilamba ncha ya kidole, akaigusisha chini ya pasi. Ikalia.

"Hashoni," akasema.